Rangi ya Mawese Huenda Wapi?

Hotuba niliyoitoa nikiwa mgeni rasmi kwenye mahafali ya kidato cha nne, Kigoma mjini, Oktoba 2025. Nimeiandika karibu kama nilivyoisema. Nimeacha tu pale umeme ulipokatika na tukakaa kimya tukisubiri jenereta.

Ndugu Mwenyekiti wa Bodi, Mkuu wa Shule, walimu wenzangu, wazazi, wahitimu, na ninyi wadogo mliosimama kule nyuma juani kwa sababu viti vimekwisha: itifaki imezingatiwa.

Ratiba inasema "Nasaha za mgeni rasmi, dakika 30." Nasaha mmepewa tangu saa tatu asubuhi. Risala imesomwa, ngonjera mmeghani, shehe na padri wamewaombea, na mzazi mmoja amelia. Mimi nikiongeza nasaha juu ya hizo nitakuwa nawamwagia maji kwenye ndoo iliyojaa. Nimekuja na glasi, chaki moja, na kalamu ya kuchorea ya mjukuu wangu.

Binti wa mstari wa mbele, njoo unisaidie. Chukua chaki. Kwa hii kalamu nyeusi izungushie pete, kama upana wa kidole kutoka chini. Wino wake ni ule unaochuruzika ukiguswa na maji, kwa hiyo uangalie sare yako. Vizuri. Sasa isimamishe ndani ya glasi, maji yaguse kitako cha chaki lakini yasiifikie pete. Hapo hapo. Iache mezani kwa Mkuu wa Shule, asiiguse mtu. Tutairudia.

Mimi ni mzaliwa wa Mwandiga. Mama yangu alikuwa anapika mawese ya kuuza. Waliokulia kwenye michikichi wanaijua kazi hiyo: chikichi zinachemshwa kwenye pipa, zinapondwa, zinakamuliwa, mafuta yanachemshwa tena mpaka maji yaishe, yanabaki mekundu kama udongo wa barabara ya Kasulu. Sasa walikuwepo wateja, hasa wafanyakazi waliohamia kutoka mikoa mingine, ambao hawakutaka ile rangi wala ile harufu. Kwa ajili yao mama aliyachoma. Sufuria kavu, moto mkali, mfuniko juu, na sisi watoto tunafukuzwa jikoni. Moshi unafuka mpaka nje. Akifunua, yale mafuta mekundu yamekuwa manjano hafifu, unaona mpaka chini ya sufuria. Hajatia kitu, hajatoa kitu.

Nikiwa kidato cha pili nikanyoosha mkono nikamuuliza mwalimu wangu wa kemia: rangi ya mawese huenda wapi? Jina lake namhifadhia. Akanitazama, akasema, "Hilo haliko kwenye mtihani." Darasa likacheka, nikakaa.

Ingeishia hapo ningekuwa na haki ya kulalamika. Lakini miaka mingi baadaye, chaki ikiwa mkononi mwangu, mtoto wa mvuvi kutoka Katonga aliniuliza kwa nini kisoksi cha karabai, kile kifuko cha kitambaa ndani ya ile taa ya wavuvi, kinang'aa vile wakati kibatari kinatumia mafuta ya taa yale yale na kinatoa mwanga wa kuazima. Nilikuwa nimechelewa mada, mtihani wa taifa unakaribia. Mmekwisha kujua nilimjibu nini.

Kwa hiyo leo nalipa deni. Nimestaafu, hakuna silabasi inayonidai, na mwezi huu wenyewe wametangazwa washindi wa Tuzo ya Nobel ya kemia. Hayo maswali mawili ya jikoni na ya ziwani yana watu waliotuzwa kwa kuyajibu, au waliopita karibu nayo kabisa.

Kwanza mwenye tuzo. Alfred Nobel alikuwa Msweden, mkemia, na utajiri wake ulitokana na baruti. Dainamaiti ni yake, ya mwaka 1867. Alipofariki Sanremo, Italia, tarehe 10 Desemba 1896, wosia ukafunguliwa na kukutwa ameelekeza karibu mali yote iwekezwe, na faida wapewe kila mwaka watu waliowafaa zaidi binadamu. Baadhi ya ndugu walipinga. Nani asingepinga? Tuzo zikaanza 1901, na ya kemia ikaanza na Mholanzi, Jacobus van 't Hoff. Hadi mwaka huu wameipata watu karibu 200. Mkuu wa Shule, usitazame saa, sitawataja wote.

Nianze na sufuria ya mama. Ule wekundu wa mawese ni karotini. Jina limetoka kwenye karoti, lakini kwa uzito ule ule mawese yetu yanaiacha karoti mbali sana. Mwaka 1930, kule Zurich, Uswisi, Paul Karrer alionyesha molekuli ya karotini imejengwaje: kaboni 40 na haidrojeni 56, mnyororo mrefu wenye pete kila ncha. Kwenye mnyororo huo vifungo vya kaboni vinapishana, kimoja, viwili, kimoja, viwili, mwendo mrefu. Mpishano huo ndio unaoumeza mwanga wa bluu, na jicho lako linaachiwa wekundu na manjano. Mwaka uliofuata Karrer akaonyesha umbo la vitamini A, ikaonekana kwamba ni kama karotini iliyokatwa katikati. Mwili wako ndio unaoikata. Mtoto anayeikosa huanza kupapasa jua likizama, hata mlango wa nyumba yao haoni. Karrer akatuzwa 1937, pamoja na Mwingereza Norman Haworth wa vitamini C.

Basi jibu ndilo hili. Moto mkali unauvunja ule mnyororo. Mpishano ukishakatika, rangi inakufa na vitamini inakufa nayo. Rangi haikwenda popote, ilivunjikia mle mle sufuriani. Mama yangu alikuwa anawauzia wageni mafuta yaliyoondolewa kilicho bora, na bei akawaongezea. Akina mama wa Kibirizi na Mwanga msinitazame hivyo, sijasema muache. Mteja ni mteja.

Lakini rangi za namna hii zinatenganishwaje? Maana jani au tunda halina rangi moja, zimechanganyika kama viungo kwenye mchuzi. Hapa ndipo namleta mtu ninayempenda kuliko washindi wote, na hakushinda. Anaitwa Mikhail Tswett. Alikuwa mtaalamu wa mimea, Mrusi aliyezaliwa Italia, akifanya kazi Warsaw. Alichukua bomba la kioo, akalijaza unga wa chaki, akamimina juu yake rangi za majani alizoziyeyusha katika kimiminika chepesi kitokanacho na petroli. Rangi zikashuka, kila moja kwa mwendo wake, kama wasafiri walioteremka meli moja: aliyebeba mizigo kabaki nyuma, asiye na kitu yuko mbele. Mwaka 1906 akaipa njia hiyo jina, kromatografia. Na hili sikulitunga: Tswett kwa Kirusi maana yake ni rangi.

Wakubwa wa kemia hawakumjali. Mmoja wa waliomtilia shaka, Richard Willstätter, alipata tuzo ya 1915 kwa kuchunguza rangi hizo hizo za mimea. Tswett alipendekezwa 1918, hakupewa, akafariki 1919. Chaki yake ikalala mpaka 1931, Mjerumani Richard Kuhn alipoitumia akagundua kwamba karotini yenyewe si moja, zipo aina zaidi ya moja. Kuhn akapewa tuzo ya 1938, serikali ya Hitler ikamkataza kuipokea. Nishani na cheti alikuja kuvipata baada ya vita. Na mwaka 1952 Waingereza wawili, Archer Martin na Richard Synge, wakatuzwa kwa kuiendeleza njia hiyo hiyo ya kutenganisha vitu. Hesabu mwenyewe: watu watatu wamekula katika sahani ya Tswett.

Chaki iliyo mezani inafanya kazi ya lile bomba. Nawaona mnaotaka kusimama. Kaeni, bado.

Sasa yule mtoto wa Katonga. Siku hizi dagaa wanavuliwa kwa taa za betri na za sola, lakini wazazi mnaikumbuka karabai, na mnakumbuka ile mistari ya taa ziwani usiku wa giza, ukidhani kuna mji mwingine kule majini. Kile kisoksi kikishaungua mara ya kwanza kinabaki majivu. Ukikigusa na kucha, kimekwisha, nenda dukani. Majivu yale si ya pamba. Kitambaa kilikuwa kimelowekwa kwenye chumvi za madini, na kinachobaki ni oksaidi ya thoriamu yenye seriamu kidogo sana, kiasi cha asilimia 1. Mchanganyiko huo ukipashwa moto unatoa mwanga mweupe kuliko moto wenyewe. Ni ubunifu wa Carl Auer, Mwaustria, wa miaka ya 1880 na 1890. Kibatari kinang'aa kwa masizi yake tu, basi. Mwanangu wa Katonga, popote ulipo, jibu lako ndilo hilo, na unisamehe kwa kuchelewa.

Thoriamu hiyo ndiyo ilimpa kazi mama mmoja Paris. Mwaka 1898 Marie Curie alikuwa anapima madini moja baada ya jingine kwa kifaa cha umeme mdogo sana, kuona yapi yanatoa miali kama urani. Akakuta thoriamu nayo inatoa. Halafu akakuta mawe fulani yenye urani yanatoa miali mingi kuliko urani iliyomo. Mtu mwingine angesema kifaa kibovu. Yeye akasema humu ndani kuna kitu kingine, akakitafuta na mumewe katika banda linalovuja, wakichemsha mawe kwa tani na kukoroga kwa chuma. Ikapatikana poloniamu, ikapatikana radiamu. Tuzo ya fizikia 1903, tuzo ya kemia 1911, na binti yake Irène na mkwewe wakapata ya kemia 1935. Madaftari yake mpaka leo yanatoa miali, yanahifadhiwa kwenye masanduku ya risasi. Msikimbilie kutupa karabai za babu zenu. Zinachotoa ni kidogo mno, na si visoksi vyote vina thoriamu.

Na neno karabai lenyewe ukilisikiliza lina kabidi ndani yake, hiyo kabidi ya mafundi wa kuchomelea vyuma. Zamani taa za namna ile ziliwaka kwa gesi ya kabidi na maji. Mmoja wa waliopata kabidi kwenye tanuru la umeme mwaka 1892 ni Mfaransa Henri Moissan, naye akatuzwa 1906 kwa tanuru hilo na kwa kuipata gesi ya florini, gesi kali iliyowadhuru wengi kabla yake. Mwaka huo aliyeachwa ni Mendeleev, mwenye lile jedwali lililobandikwa kwenye ukuta wa maabara yenu. Mwezi Februari 1907 wote wawili wakafariki.

Turudi nchi kavu, Uvinza. Chumvi ya Uvinza haikuanza na Wajerumani. Wachimbaji wa mambo ya kale walikuta majiko na mkaa kwenye chemchemi zile, na umri wa mkaa ukaonyesha watu walichemsha chumvi pale kiasi cha miaka 1,500 iliyopita. Umri wa mkaa unapimwa kwa kaboni 14, njia iliyompatia Willard Libby tuzo ya 1960. Na chumvi ikishayeyuka inakuwaje? Mwaka 1884 kijana wa Uppsala, Svante Arrhenius, aliandika katika tasnifu yake maelezo yaliyomfikisha kwenye wazo kwamba chumvi majini huachana, sodiamu huku na kloridi kule, kila moja na chaji yake, ndiyo maana maji ya chumvi yanapitisha umeme. Maprofesa wake wakampa alama ya chini kiasi cha kumfungia njia ya kufundisha pale chuoni. Mwaka 1903 wenye tuzo wakampa tuzo kwa jambo lile lile. Nawaambia hili ninyi mnaosubiri matokeo ya Januari, na sitalifafanua. Arrhenius ndiye pia aliyekokotoa 1896 kwamba hewa ya ukaa ikiongezeka dunia itapata joto. Ziwa letu limeshapata joto. Maji ya juu yakiwa ya moto sana hayachanganyiki na ya chini, virutubisho vinabaki kule kilindini, na dagaa anakosa chakula.

Sasa jambo zito, nalo limo kwenye mfuko wa mbolea.

Mkulima wa Buhigwe akinunua urea, kwenye mfuko anaona namba 46. Maana yake kati ya kila kilo 100, kilo 46 ni naitrojeni. Naitrojeni yenyewe ni zaidi ya robo tatu ya hewa tunayovuta, tunaogelea ndani yake, lakini mhindi hauwezi kuichukua ikiwa hewani. Ni kama mtu amekaa ufukweni Ujiji na kiu, ziwa lote mbele yake limefungwa kufuli. Aliyevunja kufuli ni Fritz Haber, Karlsruhe, Ujerumani. Mwaka 1909 alionyesha kifaa kidogo cha mezani kikichukua naitrojeni ya hewa na haidrojeni, kwa joto kubwa na mgandamizo mkubwa, na amonia ikidondoka tone kwa tone. Carl Bosch akaligeuza lile tone kuwa kiwanda, kilichoanza 1913. Inakadiriwa karibu nusu ya watu walioko duniani leo wanakula chakula kilichowezekana kwa sababu hiyo. Katika watu 400 waliokaa hapa, hesabu 200. Jihesabu uko upande gani.

Sasa mkumbuke meli yetu ya Liemba. Wazee wetu waliiona ikiunganishwa hapa bandarini, imeletwa vipande vipande kwenye maelfu ya masanduku, ikaingia majini Februari 1915 kwa jina la Graf von Götzen. Ilitumiwa kama meli ya vita. Miezi miwili baadaye, tarehe 22 Aprili 1915, Haber huyo huyo alikuwa Ypres, Ubelgiji, akisimamia mitungi zaidi ya 5,700 ya gesi ya klorini ikifunguliwa upepo ukielekea kwa adui. Wingu la kijani-manjano likatambaa ardhini likaingia kwenye mahandaki. Mkewe, Clara Immerwahr, alikuwa mkemia mwenye shahada ya udaktari. Siku kumi baadaye alijitoa uhai kwa bastola ya mumewe. Sababu zake zote alikwenda nazo. Na ile amonia ya mbolea, wakati wa vita ilikuwa inatengeneza baruti.

Tuzo ya 1918 akapewa Haber. Watu walipiga kelele, na mimi ningepiga. Halafu 1933 utawala wa Hitler ukaanza kuwafukuza Wayahudi kazini, na Haber, mzalendo kuliko wote, alikuwa mzaliwa wa Kiyahudi. Akaondoka nchini, akafariki Basel Januari 1934. Dawa ya kuua wadudu iliyotokana na kazi za taasisi yake ndiyo iliyokuja kutumika kwenye vyumba vya gesi, na baadhi ya jamaa zake waliuawa kambini. Nimefundisha mlinganyo wa Haber miaka 31. Wanafunzi wangu waliupatia wote, na sikumbuki kama niliwahi kuwaambia habari za Clara.

Meli tunajua ilivyokuwa. Wajerumani wakaizamisha wenyewe 1916, lakini kabla ya kuizamisha mafundi waliipaka mitambo grisi nene, maji na oksijeni visiguse chuma. Waingereza walipoiinua 1924 mitambo ikakutwa nzima. Hakuna aliyepewa tuzo kwa ile grisi. Ningekuwa na kura ningempigia huyo fundi.

Wasichana sasa. Katika wale karibu 200, wanawake ni 8. Nitamsema mmoja, Dorothy Hodgkin, kwa sababu ana damu ya safari za Afrika: kazaliwa Cairo, na habari ya tuzo yake ya 1964 ilimkuta Ghana, mumewe alikokuwa anafanya kazi. Gazeti moja la kwao likaandika mama wa nyumbani wa Oxford ameshinda Nobel. Huyu mama wa nyumbani alikuwa ameonyesha kwa eksirei umbo la penisilini, kisha la vitamini B12. Vidole vyake vilikuwa vimepinda kwa baridi yabisi tangu ujanani. Insulini, ambayo wazee wetu wa sukari wanadungwa kila siku, aliipiga picha ya kwanza miaka ya 1930, na umbo lake likapatikana 1969. Miaka 35 kitu kimoja. Mimi miaka 35 iliyopita sikumbuki hata nilikuwa nasumbukia nini.

Kuna kitu mnakiona ziwani mkioga, hasa maji yakitulia: kidude cha duara, kinapitisha mwanga, kidogo kama sarafu, kinajikunja na kujikunjua. Watu wa pwani wanacho kikubwa, wanakiita yavuyavu. Cha kwetu ni cha maji baridi, wala hakiwashi mtu. Mjapani Osamu Shimomura alikwenda Marekani kuchunguza yavuyavu wa bahari ya Pasifiki wanaotoa mwanga wa kijani kwenye ukingo. Kila majira ya joto alikwenda gatini na nyavu, yeye, mkewe na watoto, wakiwaopoa mmoja mmoja. Kwa miaka yote waliwakusanya kama 850,000. Ndani yake akapata protini inayong'aa kijani, na siku hizi wanasayansi wanaipandikiza kwenye seli wapate kuona ugonjwa unavyotembea mwilini. Tuzo ikaja 2008, kwake na kwa Martin Chalfie na Roger Tsien. Lakini aliyeinakili jeni ya protini hiyo na kuwatumia hao wawili bure ni Douglas Prasher. Fedha za utafiti zilimwishia. Siku washindi wanatangazwa, alikuwa dereva wa gari la kubebea wateja kwa muuza magari, Alabama. Chalfie na Tsien wakamlipia nauli ya kwenda Stockholm kuwatazama wakipokea. Wengine husema huo ni uungwana. Mimi bado sijaamua.

Simu zenu mlizozizima kwa amri ya mwalimu wa nidhamu zina betri ya lithiamu, tuzo ya 2019. John Goodenough aliipokea akiwa na miaka 97. Utotoni kusoma kulikuwa kunampiga chenga. Kobalti ya betri hizo kwa sehemu kubwa inatoka ng'ambo hapo, Kongo. Tukipanga safari nyingine tutalisema hilo peke yake, maana lina uchungu wake.

Namalizia na wa mwezi huu. Ni watatu: Susumu Kitagawa wa Japani, Richard Robson wa Australia, na Omar Yaghi. Robson alikuwa mwalimu kama mimi. Mwaka 1974 alikuwa anaandaa mipira ya mbao kwa ajili ya wanafunzi, ya kuonyesha atomu zinavyoshikana kwa vijiti. Ilibidi kila mpira utobolewe matundu mahali sahihi. Alipoanza kuviunganisha akaona umbo linajijenga lenyewe, kwa sababu matundu ndiyo yanayoamua. Akajiuliza, je, nikitumia molekuli badala ya mbao? Swali hilo alikaa nalo zaidi ya miaka kumi kabla ya kulijaribu. Kilichotoka humo ni vitu vilivyojengwa kwa madini na kaboni, vyenye vyumba vyumba ndani. Gramu chache tu za kimoja chao, ukizikunjua kuta zake, zinatandika uwanja wa mpira.

Yaghi ni mtoto wa wakimbizi wa Kipalestina, kakulia Amman, Jordan. Wazazi wake walijua kusoma na kuandika kwa shida. Watu kama dazeni chumba kimoja, pamoja na ng'ombe. Siku moja, ana miaka kumi, akajipenyeza kwenye maktaba ya shule ambayo kwa kawaida ilikuwa imefungwa, akachomoa kitabu chochote tu, akafungua, akakuta picha za molekuli. Hakuelewa zilikuwa nini. Hizo picha ndizo alizokuja kuzijenga, na moja ya vitu vyake iliwekwa jangwani Arizona usiku, ikafyonza unyevu wa hewa, asubuhi jua likapiga, yakatoka maji ya kunywa.

Mkoa huu unajua mkimbizi ni nani. Wapo humu waliozaliwa Nyarugusu, na wapo ambao shangazi zao bado wako Nduta wakipanga ndoo kwenye foleni ya bomba. Mwalimu wa maktaba, nakuomba jambo moja tu mbele ya wazazi hawa: ufunguo.

Haya, binti, rudi kwenye chaki yako. Itoe glasini, inua juu, zunguka nayo hata wa nyuma waone. Uliichora pete nyeusi, au siyo? Sasa juu kabisa mnaona bluu. Chini yake kuna waridi, na pale chini pamebaki unjano. Nyeusi iko wapi? Walimu wa kemia watasema chaki ya shule mara nyingi ni jasi, si ile chaki ya Tswett. Ni kweli, lakini haikukataa kazi.

Nilipofika hapo nikataka kukaa, kijana mmoja wa kidato cha kwanza, miongoni mwa wale wa juani, akanyoosha mkono akauliza: mbona bluu ndiyo imefika juu, na si unjano? Mkuu wa Shule akatazama saa. Nikamwita yule mtoto aje mbele, nikampa kalamu na chaki nyingine.